Kichwa Safi cha Bi Siwema

Nchi yenyewe sitaitaja. Si woga, jamani, msianze. Sheria yetu hairuhusu jina la nchi kutajwa na mtu aliyekaa, na mimi hapa nilipo nimekaa, tena nimekaa kwa sababu wenzangu wamesimama na nafasi ya kusimama imekwisha. Basi tuiite nchi, na mwenye kufikiria nchi anayoijua afikirie mwenyewe, kosa litakuwa lake.

Mimi naitwa Tindwa. Kwa miaka mitatu nilikuwa Mkaguzi wa Vichwa Daraja la Pili katika Nyumba ya Utulivu wa Vichwa. Nilikuwa na koti lenye vifungo vinne na vijiti viwili vya mianzi vya kupekulia nywele za watu bila kuwagusa. Nasema haya ili mjue mnasimuliwa na mtu wa kazi, si mpita njia.

Sasa, kabla ya chawa, lazima niwaeleze salamu yetu. Kwetu watu hawapeani mikono. Mlezi Mkuu wetu alishasema kwamba kupeana mikono ni salamu ya watu wasioaminiana, maana kila mmoja hubaki na kichwa chake. Akatuletea Salamu ya Umoja. Watu wawili huinama, paji kwa paji, nywele kwa nywele, wakatamka pamoja sifa za Mlezi Mkuu kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na hakuna kuinuka kabla ya mwisho.

Mwanzoni sifa zilikuwa tatu, na salamu ilikwisha kabla hujasikia joto la mwenzako. Baadaye Mlezi Mkuu alifungua daraja, akapata ya nne. Alifungua tena lile lile baada ya kupakwa rangi, akapata ya tano. Siku moja aliinama akachungulia bwawa, jioni redio ikatangaza kwamba sasa yeye pia ni Mlezi wa Samaki wa Maji Baridi. Hiyo ni ya ishirini na sita. Leo zimefika arobaini na moja, na ukikutana na shemeji yako njiani wakati umebandika chai, utaikuta imekauka.

*

Chawa walipoingia nchini Wizara ya Vichwa na Kofia haikulala. Iliunda kamati ya watu kumi na tisa ichunguze wametoka wapi. Kamati ilianza kazi kila asubuhi kwa Salamu ya Umoja, kila mjumbe na kila mjumbe, na ikafunga kazi kila jioni vivyo hivyo. Siku ya tatu wajumbe wote kumi na tisa walikuwa wanajikuna, na katibu aliandika kwamba kamati imezama katika fikra.

Matokeo yalitoka katika Waraka Namba Nne. Chawa wanapeperushwa na upepo kutoka nchi jirani. Tuliagizwa kupigilia misumari madirisha yote yanayotazama mashariki, na jeshi likapelekwa mpakani kuuzuia upepo. Wako huko hadi leo, vijana hodari sana.

Kwa wale ambao upepo ulikuwa umeshawapata, ilifunguliwa hii Nyumba ya Utulivu, katika ghala la zamani la pamba. Masharti yake ni mepesi, hata mtoto anayaelewa. Mtu akikaguliwa siku tisa mfululizo asikutwe na chawa, anapewa cheti anakwenda zake. Kila asubuhi, kwa kuwa sisi si wanyama, kulikuwa na gwaride uani, na kila mtu alitoa Salamu ya Umoja kwa aliye kuliani kwake, kisha kwa aliye kushotoni.

Katika miaka mitatu waliingia watu elfu moja mia moja na kumi na wawili. Hakutoka hata mmoja. Wizara ilijivunia jambo hilo, ikatangaza kwamba tangu Nyumba ifunguliwe hajapata kutoka mtu mwenye chawa.

*

Bi Siwema alikuja kwa miguu yake mwenyewe, na hilo lilitushangaza. Wengine huletwa. Yeye alikwenda zahanati kuomba mafuta ya nywele, akaulizwa ya nini, akasema ukweli. Alikuwa msusi kwa miaka thelathini, mama mfupi, mwenye vidole vya haraka na macho ya kukupekua kabla hujavua kofia.

Aliniuliza siku ni ngapi. Nikamwambia tisa. Akahesabu kwa vidole, akatabasamu, akasema atawahi. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Zuwena, mwenye mimba ya miezi saba, uzazi wa kwanza. Mume wa Zuwena alikuwa mpakani anazuia upepo. Kwao, kama kwetu sote, binti hujifungulia uzazi wa kwanza mikononi mwa mama yake, na Zuwena alikuwa peke yake nyumbani anamsubiri. Nilimtakia heri. Mimi si mtu wa kumkatisha mtu tamaa siku ya kwanza.

Jioni hiyo hiyo alilowanisha nywele zake, akapaka mafuta kidogo, akazigawa mafungu, akaanza kuchana fungu baada ya fungu kwa kitana chake cha meno ya karibu karibu. Kila akivuta, anakifuta kwenye kitambaa cheupe na kutazama. Baada ya hapo aliyatoa mayai kwa kucha, moja moja, maana yale hayaoshwi na sabuni, yamegandishwa kwenye unywele hapo chini karibu na ngozi. Siku ya tatu nilimkagua nikakuta kichwa kimetulia. Siku ya nne, baada ya gwaride, alikuwa na wawili wakubwa.

Akaanza upya. Safari hii alifika siku ya pili.

Hapo ndipo aliponiita akanisomesha, mimi mwenye koti. Aliniambia chawa hana mabawa, hapeperuki. Hana miguu ya kurukia kama kiroboto. Anachojua ni kutembea, kushika unywele huu akaachia ule, na ili ahame kichwa ni lazima vichwa viwili vigusane, tena vikae. Akianguka chini hana maisha, siku moja au mbili amekufa kwa njaa, maana chakula chake ni damu ya kichwani tu. Wala haangalii nani anaoga na nani haogi. Yai huanguliwa kwa muda wa kama juma moja, kwa hiyo ukichana leo ukaacha kesho umejidanganya. Nilimsikiliza kwa heshima, kisha nikamkumbusha kwamba Waraka Namba Nne unasema ni upepo.

"Bwana Tindwa," aliniambia, "humu ndani madirisha yamepigiliwa misumari miaka mitatu. Upepo gani?"

Nikamjibu kwamba hayo ni maoni yake. Na wallahi nilirudi ofisini nikahesabu misumari ya dirisha mpaka saa ya chakula.

*

Zilipita wiki mbili. Mimba ya Zuwena haikuwa inangoja waraka. Bi Siwema aliacha kulalamika, akaanza kulitazama gwaride kwa makini, nani anasalimiana na nani, na nani hasalimiwi. Akagundua jambo ambalo mimi nilikuwa naliona kila siku bila kuliona. Aliyekuwa katika Chumba cha Kutafakari hasalimiwi na mtu.

Chumba hicho ni cha waliokosea sifa za Mlezi Mkuu. Unafungiwa peke yako siku kumi na nne, chakula kinapita chini ya mlango, gwaridani huendi, kwa kuwa aliyekosea sifa hastahili salamu. Watu wanakiogopa chumba kile kuliko kipindupindu.

Asubuhi iliyofuata Bi Siwema aliinama vizuri kabisa na jirani yake. Alizitamka sifa kwa sauti nzuri hadi ya ishirini na tano, akavuta pumzi, akaenda moja kwa moja ya ishirini na saba. Jirani yake aliruka nyuma. Uwanja mzima ukageuka kutazama, maana hakuna aliyewahi kuwadharau samaki wa maji baridi. Alipochukuliwa alikuwa ameshika kitana chake ndani ya khanga, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda harusini.

Kila siku nilimkagua humo kwa vijiti vyangu. Siku tano za kwanza kulikuwa na wadogo wadogo walioanguliwa kwenye mayai yaliyomponyoka, akawachana wote kabla hawajakua wakataga. Siku ya sita hakuna. Ya saba hakuna. Nilianza kuamka mapema kwa hamu ya kukiona kichwa kile. Siku ya kumi na nne ilikuwa siku yake ya tisa ya usafi, na nilipekua mara tatu, sikioni, kisogoni, utosini, nisipate hata yai. Nilitamani kucheka na kulia pamoja. Nilikuwa mkaguzi wa vichwa miaka mitatu na sikuwahi kuona kichwa safi.

Tatizo likawa cheti. Hatukuwa nacho hata kimoja. Muhuri ulikuwepo, lakini bado umefungwa katika karatasi uliyokuja nayo. Nikapiga simu wizarani, nao wakapiga kelele za furaha, wakasema asitoke, Waziri anakuja mwenyewe.

Nilipomweleza, Bi Siwema alishusha sauti. "Nipe kikaratasi changu mlangoni, mwanangu. Nitoke kimya kimya, sitamwambia mtu." Alikuwa hajawahi kuniita mwanangu. Nilimweleza kwamba utaratibu ni utaratibu, na kwamba atapigwa picha.

*

Mheshimiwa Kapungu, Waziri wa Vichwa na Kofia, alifika saa nane mchana na magari saba. Alikuwa amevaa kofia ya manyoya, ishara ya wizara yake, na wakati bendi inapiga aliingiza kalamu chini ya kofia akawa anaichezesha huku na huku. Nilidhani anatafuta neno.

Hotuba ilikuwa nzuri. Alisema adui wa nje amepigwa, na kwamba kichwa hiki kimoja ni sawa na vichwa milioni tano vya wananchi wenye shukrani. Alisema mataifa makubwa yana madaktari lakini hayana utulivu. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Kisha akavua kofia, akainama, akamwita Bi Siwema kwa kidole.

Nilimwona mama yule akitazama nywele za Waziri. Macho yale ya miaka thelathini ya ususi hayakuhitaji vijiti. Alirudi nyuma nusu hatua, akakutana na mgongo wa askari. Akainama. Waziri alizitamka sifa zote arobaini na moja polepole kwa ajili ya kamera, na walipomaliza, mpiga picha akasema samahani, alikuwa hajafungua kifuniko. Wakarudia tangu mwanzo.

Utaratibu unasema anayetoka akaguliwe mara ya mwisho langoni. Lango lilikuwa wazi, na ng'ambo ya pili alikuwa amesimama Zuwena, tumbo mbele, ameshika mwavuli wa kumkinga mama yake na jua. Nikachukua vijiti vyangu. Nyuma ya sikio la kushoto alikuwepo mmoja, wa ukubwa wa punje ya ufuta, anatembea zake kwa utulivu kama mgeni anayetafuta chumba chake.

Bi Siwema alihisi vijiti vimesimama.

"Hujaona kitu," aliniambia, bila kugeuka.

Hapa naomba mnivumilie. Nimejiuliza mara nyingi ni kwa nini. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Waziri alikuwa anakunywa soda. Ningefunga mdomo hatua kumi na tano tu, mama angekuwa kwake, angemchana binti yake na kujichana mwenyewe, na chawa yule angekufa kwenye kitambaa cheupe. Lakini fomu ilikuwa mkononi mwangu na nafasi ya jibu ilikuwa tupu, na mimi sikuwahi kuijaza kwa uongo.

"Nimeona," nikasema.

Ninaona haya hadi leo.

*

Fomu ile ina swali moja jingine: chawa ametoka katika kichwa gani? Katika siku kumi na nne Bi Siwema alikuwa amegusana na kichwa kimoja tu, na bendi ilikuwa bado inakipigia. Nilimpelekea fomu katibu wa Waziri. Aliisoma akaniuliza kama nimekula. Akanieleza kwa upole kwamba vichwa vya mawaziri ni safi kuanzia tarehe ya kuteuliwa, imeandikwa katika barua ya uteuzi, na barua imesainiwa.

Kwa hiyo nafasi ile haikuweza kuachwa wazi, wala haikuweza kujazwa ukweli. Wakatazama huku na huku. Aliyekuwa amesimama karibu zaidi ni mimi. Nilisema sijamgusa, vijiti vyangu vina urefu wa mkono. Wakasema mkaguzi mwenye bidii sana anaweza kuambukiza kwa bidii. Wakanivua koti hapo hapo, wakafunga lango, na sikupata hata nafasi ya kwenda kuchukua mswaki. Mwavuli wa Zuwena niliuona ukibaki pale nje kwa muda mrefu.

Siku hiyo hiyo ulitoka waraka mpya. Kuanzia sasa anayekosea sifa hafungiwi peke yake, anasalimiana mara mbili. Njia pekee iliyokuwapo ikawa imezibwa, na aliyeionyesha wizara ni mimi katika taarifa yangu ya kila siku.

Gwaridani walinipanga kuliani kwa Bi Siwema. Kwa juma zima tulisalimiana kila asubuhi, paji kwa paji, sifa arobaini na moja, na hakunitamkia neno jingine. Siku ya nane alinisogelea akakishika kichwa changu, akakigeuza kwenye mwanga, akaanza kuchana. Sikuthubutu kumwomba radhi. Nilikaa tu.

*

Zuwena alijifungua bila mama yake. Mtoto wa kiume. Habari ilitufikia siku ya tatu, na siku ya saba Zuwena akaletwa na mtoto kwenye dirisha la wageni, lile pekee lisilopigiliwa misumari, kwa kuwa sheria ya usajili ni hii: mtoto hupewa jina na uraia kwa Salamu ya Kwanza, na Salamu ya Kwanza hutolewa na bibi mzaa mama akiwa hai, popote alipo. Bibi akimkubali, mtoto ni mwananchi. Bibi akisema hamjui, mtoto hayumo.

Karani wa usajili alikuwa na daftari lake. Askari wawili walikuwa pembeni. Na nyuma ya karani, mlangoni, nilikiona kitanda kidogo cha mtoto, kipya, kimepakwa rangi ya buluu, kina namba elfu moja mia moja na kumi na tano. Hawa watu hawafanyi kazi ovyo. Baada ya Salamu ya Kwanza mtoto angekaguliwa kama mtu yeyote aliyegusana na mkazi wa Nyumba, na wao walishajua watakuta nini.

Zuwena hakukiona, kilikuwa upande wetu. Alikuwa amekonda, na macho yalikuwa yanang'aa. Alimnyanyua mtoto hadi dirishani na kumwondolea kitambaa kichwani. Zilikuwa nywele nyingi, nyeusi, laini, bado zimelala. Bi Siwema alizitazama. Nilimwona akinyoosha mikono, kisha akaona kitanda, akairudisha mikono nyuma ya mgongo akaishikanisha, kwa nguvu hadi vidole vikabadilika rangi.

Karani alimwambia ainame.

"Simjui mtoto huyu," alisema Bi Siwema.

Karani aliuliza kama amesikia vizuri. Zuwena alidhani mama yake anatania, akacheka kidogo, akamsogeza mtoto karibu zaidi.

"Simjui. Na mama yake simjui. Wapeleke mbali na dirisha langu."

Zuwena alilia kama mtu aliyepigwa. Alisema mama, ni mimi. Alisema nimezaa peke yangu, mama, nimekuita usiku kucha. Bi Siwema aliinua mkono mmoja tu, akajikuna nyuma ya sikio, polepole, mahali ambapo binti wa msusi hawezi kushindwa kupatazama.

Kilio cha Zuwena kilikatika. Alitazama mkono ule, akatazama nywele za mama yake, akatutupia macho sisi wengine tuliosimama nyuma tunajikuna. Alimfunika mtoto kichwa kwa khanga, akarudi nyuma hatua mbili, tatu. Kisha aligeuka akaenda, na hakuaga, maana watu wasiojuana hawaagani.

Karani aliandika: hajulikani. Kitanda kilirudishwa stoo. Bi Siwema alisimama mpaka dirisha lilipofungwa.

*

Ni miaka minne sasa. Mtoto yule hana nchi, maskini. Hana jina katika daftari lolote. Salamu ya Umoja ni ya wananchi tu, kwa hiyo ni marufuku mtu yeyote kugusanisha naye kichwa. Sokoni watu wanampisha. Wizara ilimtaja katika hotuba kama mfano wa msiba unaompata mtu asiye na taifa.

Lakini limetokea jambo ambalo Wizara hailielewi. Mwaka jana mabibi watano walisimama pale dirishani wakasema hawawajui wajukuu zao. Mwaka huu wamefika thelathini na wawili, na wengine si wa humu ndani, ni wa mjini, katika ofisi za kawaida za usajili, wakiwa na akili zao timamu. Imeundwa kamati kuchunguza maradhi haya mapya ya mabibi kusahau. Walikuja kumhoji Bi Siwema kama mgonjwa wa kwanza. Walimwapisha, wakamuuliza kama anamjua mtoto yule, na wamesema watamwapisha hivyo kila mwezi. Akisema anamjua, mtoto atasajiliwa kesho yake, na kitanda kipo.

Mwezi uliopita aliingia mwanamke mmoja wa mtaa wa Zuwena. Aliniambia mtoto anaitwaje nyumbani, anapenda nini, na jinsi anavyokimbia. Nilitamani kumwambia Bi Siwema yote. Nikakumbuka kiapo, nikalimeza jina lile. Asilolijua hawezi kulisema.

Yeye aliona kwamba nina neno. Jioni, nimeinamisha kichwa mbele yake, kitana kilisimama katikati ya fungu.

"Usiniambie kitu," alisema. "Niambie moja tu. Anajikuna?"

Nikamwambia hajikuni.

Machozi yake yalinidondokea kisogoni, ya moto. Kisha akashika fungu jingine akaendelea kuchana.